Nyumba ya Uani na Kibali Chake

Mtu mwenye nyumba moja katika kiwanja chake hapitishi miaka mingi kabla ya kutamani kujenga ya pili. Mwanawe wa kiume amekuwa mtu mzima, au binti yake ameolewa. Mama mzee hana wa kumtazama. Au mshahara hautoshi, na kodi ya wapangaji wawili ingesaidia kulipa karo ya shule. Sababu ni nyingi, lakini nyumba ni ile ile: ndogo, nyuma ya nyumba kubwa, katika kiwanja kile kile. Na tuiite nyumba ya uani. Kabla ya kuijenga, sheria yamtaka mwenye kiwanja apate kibali. Wengi hukiona kibali hicho kuwa karatasi ya kusumbua watu tu. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba karatasi hiyo ina historia, tena historia yenye machungu. Na kwamba asiyeijua hawezi kufahamu kwa nini watu wa mji kama Nairobi waliikimbia, wala kwa nini kuikimbia kumegharimu roho za watu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba ruhusa ya kujenga ni ya zamani kuliko karatasi. Katika boma la Waluo, kijana akifikia umri wa kutolala tena nyumbani kwa mama yake, hujenga nyumba yake ndogo iitwayo simba, karibu na lango. Hajengi popote apendapo. Mahali pake pamewekwa na desturi, na baba ndiye mwenye neno. Katika miji ya mawe ya pwani, hasa Lamu, baba mwenye uwezo alimpatia binti yake makao alipoolewa. Kiwanja kikiwa kimejaa, alijenga juu ya nyumba yake mwenyewe, au aliziunganisha nyumba mbili kwa chumba kilichopita juu ya njia. Chumba hicho huitwa wikio, na wikio zipo Lamu hata leo, watu na punda wakipita chini yake. Lakini mwenye kujenga juu hakuwa huru kufanya kila alitakalo. Ada ilimkataza kufungua dirisha la kuchungulia ua wa jirani, na njia iliyopita chini ilibaki njia ya wote.

Katika desturi hizo mbili, ya bara na ya pwani, twaona maswali mawili. La kwanza: je, nyumba hii mpya itamdhuru jirani? La pili: je, itaharibu kitu kilicho cha watu wote? Maswali hayo ndiyo kiini cha kila kibali cha haki, kiwe cha mdomo au cha muhuri. Tuyashike, maana tutayahitaji tukiingia Nairobi.

Nairobi haikuanza kwa desturi ya wazee wala kwa mpango wa mafundi. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika mahali palipokuwa na mto na kinamasi, na wakuu wa reli wakapiga kambi. Kambi ikawa mji kabla ya mtu yeyote kuipanga kuwa mji. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wakaamuru soko litiwe moto. Tangu siku hizo amri za ujenzi zilivaa joho la afya. Kwa hakika hofu ya maradhi haikuwa ya uongo: mitaro ilikuwa haba na watu walisongamana. Lakini chini ya joho hilo palifichwa jambo jingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alikuja kuitazama miji ya Afrika Mashariki, akashauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae katika mitaa mbalimbali. Swali la kale, kama nyumba itamdhuru jirani, liligeuzwa likawa swali jingine kabisa: jirani ni wa rangi gani?

Mwaka 1923, kwa Waraka wa Devonshire, serikali ya Uingereza iliacha shauri la kuwatenga Wazungu na Wahindi kwa sheria katika miji ya Kenya. Ubaguzi haukuondoka kwa hayo. Ulihamia katika hati za viwanja. Hati nyingi za mitaa ya Wazungu zilikuwa na sharti kwamba Mwasia au Mwafrika asikae katika kiwanja hicho, isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani. Msomaji na ayatazame vizuri maneno hayo, isipokuwa awe mtumishi. Huo ndio mlango aliopitia Mwafrika kwenda kulala katika mitaa mizuri ya Nairobi, na mlango huo ulielekea uani.

Huko uani ilijengwa nyumba ya pili, ambayo watu waliiita nyumba ya boi. Aghalabu ilikuwa chumba kimoja au viwili, mbali na nyumba kubwa, karibu na ua wa nyuma, pamoja na choo chake. Kibali cha kuijenga hakikuwa na taabu, kwani mpango wa mji uliitarajia, na sheria za kazi zilimtaka mwajiri amtafutie mtumishi wake mahali pa kulala. Lakini kibali kilikuwa cha mwenye nyumba kubwa, si cha mwenye kulala katika ile ndogo. Nyumba ilihesabiwa kuwa ya mtu mmoja na kitanda kimoja. Mke na watoto walitarajiwa kubaki shamba. Mtumishi alipoachishwa kazi, siku hiyo hiyo aliachishwa na nyumba. Jina la boi limekwisha, na siku hizi watu husema kwa herufi mbili tu za Kiingereza, SQ. Wengi wanaozitamka kila siku hawafikiri kwamba herufi ya kwanza yasimama badala ya neno mtumishi.

Je, Waafrika ambao hawakuwa watumishi wa nyumbani walikaa wapi? Walijenga vijiji vyao kando ya mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Wakuu wa mji waliviona vijiji hivyo kuwa hatari na aibu, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakatenga mtaa wa Pumwani uwe mahali pa Waafrika. Vijiji vya kale vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ilikuwa ya mwisho. Kufikia mwaka 1939 ilikuwa imekwisha, na wengi wa watu wake wamehamishiwa nyumba za manispaa za Shauri Moyo.

Pumwani, katika sehemu iliyokuja kuitwa Majengo, mtu aliweza kuruhusiwa kujenga mwenyewe. Ardhi ilibaki mali ya manispaa. Kilichokuwa chake ni nyumba tu. Watu walifuata umbo la nyumba ya Kiswahili: kuta za miti na udongo, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Mapaa mengi yaliezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja akapangisha vingine, na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, ambao hawakuwa na shamba la kurithi kijijini wala ajira mjini. Nyumba ndiyo iliyokuwa shamba lao, na kodi ndiyo mavuno. Hapo twaona jambo ambalo wapangaji wa mji walichelewa sana kulifahamu: kwa mtu maskini chumba cha ziada si anasa, ni riziki.

Mwaka 1948 ulitolewa Mpango Mkuu wa Nairobi, uliotungwa na wataalamu watatu, Thornton White, Silberman na Anderson. Ulipendekeza mitaa iliyokamilika, kila mmoja na shule yake na maduka yake. Mwaka 1950 Nairobi ikapewa cheo cha jiji. Lakini mshahara wa Mwafrika ulikuwa bado mshahara wa kitanda kimoja. Mwaka 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba mfanyakazi alihitaji mshahara na nyumba ya kumtosha yeye pamoja na jamaa yake. Kwa hiyo hata wenye serikali walikuwa wameanza kuona kwamba mji hauwezi kujengwa juu ya watu waliotenganishwa na watoto wao.

Desemba 12, 1963, Kenya ikapata uhuru. Vizuizi vya kuingia mjini vilikuwa vimekwisha, na watu wakaja na jamaa zao. Hesabu ya mwaka 1948 ilikuta watu 118,976 katika Nairobi. Ile ya mwaka 1969 ikakuta 509,286, ingawa yapasa kukumbuka kwamba mipaka ya mji ilikuwa imepanuliwa baina ya hesabu hizo mbili. Umati huo ulihitaji pa kulala. Mwafrika mwenye fedha sasa aliweza kununua nyumba kubwa katika mtaa uliokatazwa kwa baba yake, na nyumba ya uani ikawa yake pia. Lakini je, asiye na fedha?

Mwaka 1968 zilitolewa kanuni za ujenzi ambazo mabaraza ya miji yaliweza kuzitwaa. Zilifuata kwa karibu mfano wa Uingereza. Zilieleza kuta ziweje, vyumba viwe na ukubwa gani, madirisha yaingize mwanga kiasi gani. Palikuwa na daraja ya pili, iliyolegezwa kidogo kwa ajili ya mitaa ya watu wa kipato kidogo. Makusudio yalikuwa mema, maana hakuna apendaye nyumba yenye giza au ukuta usioaminika. Lakini kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mtu mmoja hakimfai kila mtu. Kuta za udongo, ambazo zilikuwa zimewahifadhi watu kwa vizazi, hazikukubaliwa. Mawe, saruji na mchoro wa fundi mwenye cheti vilidai fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuwa nazo. Alibaki na njia mbili, asijenge au ajenge kwa siri. Kutojenga hakuwezi, maana watoto hawangoji kanuni zibadilishwe. Rangi ya ngozi haikuulizwa tena. Uliulizwa uzito wa mfuko.

Baraza la jiji lilijibu ujenzi wa siri kwa kubomoa. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliokuwa umekuja kuchunguza ajira katika Kenya, ulishauri ubomoaji huo ukomeshwe na viwango vya ujenzi vilegezwe, kwa hoja iliyo wazi: kibanda kikibomolewa, mwenye kibanda hatoweki. Huenda kujenga kingine, mbali kidogo, kibaya zaidi.

Jaribio jema la kutoka katika shida hiyo lilifanyika Dandora. Tangu mwaka 1975 serikali, baraza la jiji na Benki ya Dunia walishirikiana kutoa viwanja 6,000 kwa watu wenye mapato ya baina ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi. Mtu hakupewa nyumba nzima. Alipewa kiwanja chenye maji, choo na bafu, na wengine jiko, kisha mkopo wa kununua vifaa. Yaliyobaki alijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba. Alijenga viwili, akakaa katika kimoja na kupangisha kimoja. Kodi ya huyo mpangaji ikajenga cha tatu. Hekima ya wanawake wa Majengo, iliyodharauliwa miaka hamsini, sasa ilikuwa imetiwa muhuri na serikali. Kibali hakikuwa tena ukuta wa kumzuia maskini; kilikuwa ngazi.

Hata hivyo historia haiendi kwa mstari mnyofu. Miaka ya 1970 ilijengwa pia mitaa ya watu wa kipato cha kati, kama Buru Buru, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia mwaka 1973, na Umoja. Nyumba hizo zilipangwa vizuri, kila moja na bustani yake. Familia zilipoongezeka na maisha yalipopanda bei, wenye nyumba walianza kujenga uani, kisha mbele, kisha juu. Wachache walipeleka michoro yao kwa baraza; wengi hawakupeleka. Mwenye kujenga alikuwa na haja ya kweli. Lakini bomba la maji machafu lililowekwa kwa nyumba moja sasa lilipokea uchafu wa familia nyingi. Dirisha la jirani likazibwa na ukuta. Katika sehemu za Umoja na Dandora nyumba ndogo zikapandwa na ghorofa nne, tano na zaidi, hata jua likawa haba katika vyumba vya chini. Majirani walipolalamika walijibiwa kwamba kila mtu ana haki katika kiwanja chake. Maswali yale mawili ya kale, la jirani na la kitu cha wote, hayakuulizwa na mtu yeyote: si na mwenye kujenga, wala na afisa aliyepita akaangalia kando.

Malipo ya ukimya huo yalionekana mahali pengi, lakini hakuna palipoumiza nchi kama Huruma. Jengo lililoanguka huko halikuwa nyumba ya uani. Lakini lilikuwa mwisho wa njia ile ile, ya kuongeza chumba juu ya chumba pasipo mtu kuulizwa kama msingi waweza kubeba. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa iliponyesha, jengo la kupangisha lenye ghorofa nyingi lilianguka kando ya mto. Watu karibu 50 walikufa. Mtoto mchanga wa kike alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi, na wengine wachache siku ya sita. Wakuu walieleza kwamba jengo hilo halikuwa na idhini ya kukaliwa, na kwamba lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Waliolala humo hawakuwa wameiona ramani yake. Walilipa kodi kila mwezi wakiamini kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikwisha kuuliza swali kwa niaba yao.

Leo sheria yasemaje? Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yakataza mtu kuanza ujenzi pasipo idhini ya serikali ya kaunti. Avunjaye katazo hilo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Mwenye kutaka kujenga nyumba ya pili hutazama kwanza hati yake, maana hati nyingi za Nairobi zaruhusu nyumba moja tu ya kukaa, na sharti hilo halina budi kubadilishwa kabla ya kuchimba msingi. Kisha hutafuta msanifu wa majengo na mhandisi walioandikishwa, hulipa madeni ya kodi ya ardhi, na hupeleka michoro kaunti. Kazi ikianza, wakaguzi wapaswa kuja hatua kwa hatua. Ikiisha, hutolewa cheti cha kuruhusu watu kuingia.

Sheria hiyo haimbani mwananchi peke yake. Asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo, na baada yake iko mahakama. Kanuni za mwaka 1968 nazo zimekwisha kustaafu; mahali pake pamechukuliwa na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika mwaka 2025. Na juu ya hizo zote iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 43 yampa kila mtu haki ya makao ya kufaa.

Watakuwapo wanaosema kwamba maneno hayo ni matamu katika kitabu tu, na kwamba kule ofisini mambo ni mengine: ada ni nyingi, safari hazihesabiki, na mkono mtupu haurambwi. Hatuwezi kuwaambia kwamba wanasema uongo. Lakini dawa ya mlango mbovu si kuvunja nyumba. Mkoloni alikifanya kibali kuwa ukuta wa kutenga watu. Sisi wenyewe, kwa kanuni zilizozidi uwezo wa wananchi, tulikiacha kikawa ukuta wa kutenga maskini. Kisha tukakata tamaa nacho, tukajenga gizani, na wapangaji wakafa. Makosa hayo matatu yana mzizi mmoja, yaani kusahau kwamba kibali ni ahadi baina ya majirani, na serikali ni shahidi wa ahadi hiyo.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi mtakuwa wenye nyumba, mafundi, wahandisi na maafisa wa kaunti. Baadhi yenu mtaleta michoro kwenye meza, na baadhi mtakaa nyuma ya meza hiyo mkiwa na muhuri mkononi. Mwenye kuleta asione haya kuulizwa kama nyumba yake itamdhuru jirani. Mwenye muhuri naye asiweke bei ambayo mama wa Majengo asingeweza kuilipa, wala asiuuze muhuri wake kwa bei yoyote. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mji huu ufa tumeuona, na mara nyingine ukuta umetuangukia kabla hatujaujenga upya. Kilichobaki ni kuuliza maswali yale mawili kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.